Maswali ya Wasomaji: Pikapu Inayokosa Pumzi Mlimani

SWALI: Shikamoo Fundi. Ninasafirisha viazi na ndizi hadi Mbeya mjini kwa pikapu ya dizeli yenye turbo. Kwa miezi miwili sasa gari linatembea vizuri mjini, lakini nikianza kupanda kutoka Kiwira kuelekea Isyonje nikiwa na mzigo, linakosa nguvu, linatoa moshi mweusi, na chini ya boneti inasikika sauti kama ya mtu anayepiga mluzi kwa mbali. Gereji moja wameniambia turbo imekufa, ninunue nyingine. Jirani yangu anasema ni hewa nyepesi ya milimani tu. Nimsikilize nani? (Msomaji, Tukuyu)

JIBU: Marahaba. Nakuomba usinunue turbo kabla mipira ya hewa ya gari lako haijapimwa, kwa sababu dalili zote tatu ulizozitaja huonekana pale hewa inapovuja kati ya turbo na injini.

Turbo huvuta hewa kupitia kichujio, huishindilia, kisha huisukuma kwenye mpira unaoingia katika intakula, yaani kile kipoza hewa kinachofanana na rejeta ndogo, na kutoka hapo mpira mwingine huipeleka kwenye injini. Ukiendesha taratibu mjini, mgandamizo ndani ya mipira hiyo ni mdogo, na ufa unaweza kubaki umejifumba. Ukikanyaga mafuta mlimani ukiwa na mzigo, mgandamizo hupanda, katika magari mengi hadi kufikia baa 1 hivi (baa ni kipimo cha mgandamizo) juu ya hewa ya nje, na hapo ufa hufunuka kama mdomo. Hewa iliyokusudiwa kuunguza dizeli inatokea pembeni, dizeli inabaki bila hewa ya kutosha, na ndiyo maana ekzosi inatoa moshi mweusi. Katika magari yenye kifaa cha kupima hewa karibu na kichujio jambo hili huwa baya zaidi, kwani kompyuta hupima hewa kabla haijavuja, kisha huagiza dizeli ya hewa ambayo haifiki.

Jirani yako ana sehemu ya ukweli. Katika mwinuko wa mita 1,700 hivi, kama wa Mbeya mjini, mgandamizo wa hewa ni takribani asilimia 80 tu ya ule wa pwani, na gari lisilo na turbo hulegea waziwazi. Lakini turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo, na tena milima hiyo uliipanda miezi mitatu iliyopita bila shida. Mlima haujabadilika; kilichobadilika kiko chini ya boneti. Inanisikitisha kuona wasafirishaji wa nyanda hizi wakizoea gari dhaifu kwa kusingizia mwinuko, kwa kuwa turbo inayosukuma hewa inayovuja hulazimika kuzunguka kwa kasi kubwa zaidi ili kufikia mgandamizo uleule, na hivyo mpira uliopasuka unaweza hatimaye kuiua turbo iliyokuwa nzima.

Anza na macho na vidole, injini ikiwa imezimwa na kupoa. Pitisha mkono chini ya kila mpira, hasa upande usioonekana kutoka juu na mahali mpira unapogusana na chuma, kwa maana huko ndiko unakosuguliwa hadi ukatoboka. Tafuta alama mbichi ya mafuta iliyoshika vumbi: hewa ya turbo hubeba ukungu wa oili, na inapotokea huacha doa. Ukunje mpira kwa mikono miwili, kwani nyufa nyingi hazionekani mpira ukiwa umenyooka.

Usipoona kitu, usiseme bado kwamba mipira ni mizima. Kipimo ninachokiamini ni cha kujaza upepo injini ikiwa imezimwa. Chomoa mpira unapoungana na turbo, chomoa na ule unaoingia kwenye injini, kisha ziba ncha hizo mbili kwa vizibo vilivyobanwa na klipu zilezile. Kizibo kimoja kiwe na valvu ya tairi. Jaza kwa pampu ya mguu yenye geji hadi baa 0.7, usizidishe 1. Kompresa ya fundi tairi hutoa upepo mkali mno. Usiitumie bila kidhibiti. Wala usisimame mbele ya kizibo: kwa baa 1, kizibo chenye kipenyo cha sentimita 6 husukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 28, na kikifyatuka kinaweza kukutoa jicho.

Kisha paka maji ya sabuni kwenye mipira, maungio, na mahali matangi ya plastiki ya intakula yanaposhikana na alumini. Mapovu yatakuonyesha. Maungio mawili uliyoyachomoa hayatapimwa kwa njia hii, kwa hiyo yakague kwa macho. Usipulizie petroli wala dawa ya kuwashia injini ili kutafuta uvujaji.

Kagua pia mpira ulio kati ya kichujio na turbo. Huo hautoi hewa bali huivuta, na ukipasuka huingiza vumbi la kiangazi ambalo hula mapanga ya turbo. Mpira uliopasuka badilisha. Kuufunga kwa vipande vya tyubu kutakufikisha nyumbani tu.

SWALI: Fundi, nilipofungua mpira wa intakula nilikuta oili ndani. Je, turbo imekwisha? (Msomaji, Mafinga)

JIBU: Utando mwembamba wa oili ni wa kawaida, kwa kuwa mvuke wa injini hurudishwa kwenye njia ya hewa. Ukikuta oili imetuama, ekzosi inatoa moshi wa bluu, na mhimili wa turbo unachezacheza ukiutikisa kwa vidole, injini ikiwa imezimwa, hapo turbo ichunguzwe. Oili iliyotuama imwage kabla ya kuwasha gari, kwa sababu injini ya dizeli inaweza kuivuta, ikaiunguza kama mafuta na kukataa kuzimika hata ukigeuza ufunguo. Unaporudisha mpira, futa oili yote kwenye ncha ya bomba, hakikisha mpira umepita ukingo wa bomba, na klipu ikae nyuma ya ukingo huo. Mpira uliofungwa juu ya oili huteleza na kuchomoka gari linapovuta mzigo.