Dizeli au petroli kwa foleni za Dar: daftari langu la miaka minne

Mkuu, umeuliza kati ya gari la Kijapani la dizeli la lita 2.2 na pacha wake wa petroli wa lita 2.0, lipi linakula kidogo kwa mtu anayekaa Kimara, anafanya kazi Posta na anakwenda Mbeya mara mbili kwa mwaka. Ukaongeza swali ambalo waliokujibu wote wamelipita: je, ni kweli dizeli inachafua hewa zaidi, au ni maneno tu ya watu wa nje? Nianze kwa kusema kwamba nyumbani kwangu yapo yote mawili. Umbo moja, kampuni moja, yote ya mwaka 2014. Dizeli naendesha mimi, petroli anaendesha mke wangu, na safari ndefu tunachukua lolote lililo na tairi nzuri. Chapa siitaji makusudi, kwa sababu yaliyonikuta yangempata mwenye dizeli yoyote ya kisasa akiitumia kama nilivyoitumia mimi.

Tangu 2020 mpaka mwisho wa 2023 niliandika kila lita iliyoingia kwenye magari yale. Njia yangu ni ya kizamani: najaza tenki mpaka pampu ijikate yenyewe, naandika kilomita, naendesha, narudi kituo kilekile na kujaza tena mpaka ijikate. Kilomita nilizotembea nagawa kwa lita zilizoingia. Mjazo mmoja haukuambii kitu, maana pampu ikikata mapema inaweza kukupoteza lita mbili tatu. Jumlisha mijazo kumi ndipo uanze kuamini. Namba ya kwenye dashibodi achana nayo. Yangu iliniambia 11.5 miezi ambayo pampu ilisema 9.8.

Haya, namba zenyewe. Mjini, pamoja na foleni na AC: dizeli kilomita 9.8 kwa lita, petroli 7.9. Safari ndefu: dizeli 15.6, petroli 12.6. Najua uliona tangazo la muuzaji wa Japani limeandika 18 na kitu kwa dizeli. Hakudanganya, ila ile namba imetoka kwenye kipimo chao cha wakati ule kilichoitwa JC08. Gari linawekwa juu ya magurudumu ya maabara, linaendeshwa dakika 20 kwa umbali wa kilomita 8 na kidogo, spidi haivuki 82, AC imezimwa. Hakuna mlima wa Kitonga mle, hakuna abiria watano na magunia ya mchele wa Kyela, hakuna joto la Februari. Ondoa kama asilimia 15 ya namba ya tangazo kwa safari ndefu na karibu nusu kwa foleni zetu, hutakuwa mbali na ukweli.

Kwa nini dizeli inakula kidogo hivyo? Sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba lita ya dizeli ni nzito kuliko ya petroli na ina nishati zaidi, kama asilimia kumi hivi au zaidi kidogo. Ya pili ni namna injini inavyopumua. Injini ya petroli lazima ichanganye hewa na mafuta kwa kiwango maalumu, hewa kilo 14.7 kwa mafuta kilo moja, kwa hiyo ukiwa umesimama kwenye foleni inajibana koo ili hewa isizidi. Inafanya kazi kama mtu anayevuta pumzi kwa mrija. Dizeli haijibani, inavuta hewa yote inayotaka na kupunguza mafuta peke yake. Ndiyo maana inaweza kunguruma foleni nzima ya Ubungo ikitumia mafuta kidogo sana. Ukifika milimani tabo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, inaisaidia tena. Mbeya ni karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa nyepesi, na petroli isiyo na tabo inahisi hivyo. Kitonga mke wangu anashusha gia mara tatu, mimi napanda injini ikiwa kwenye mizunguko elfu mbili kwa dakika bila kelele.

Sasa hesabu ya mwaka. Mimi natembea kama kilomita 12,000 mjini na 6,000 za safari, na nadhani wewe utakaribia hapo, maana Mbeya mara mbili peke yake ni zaidi ya 3,300 kwenda na kurudi. Dizeli itakula lita 1,609. Petroli itakula 1,995. Tofauti ni lita 386. Tukiweka lita kwa sh. 3,000 ili hesabu iwe nyepesi, umeokoa sh. 1,158,000. Usizitumie kabla hujaendelea kusoma. Dizeli kuwa rahisi kuliko petroli si sheria. Mwaka 2022 iliipita petroli, na wenye dizeli tulikuwa tunasubiri Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, wadhibiti wa nishati, wakitangaza bei kikomo, kwa moyo mzito. Halafu oili ya dizeli yenye chujio la masizi ni ya aina yake na ni ghali, na bado sijagusa matengenezo.

Kuhusu hewa, hapa ndipo wengi wanapojichanganya. Lita 386 kati ya 1,995 ni asilimia 19, basi mtu anadhani hewa ukaa nayo imepungua asilimia 19. Sivyo. Ukiunguza lita ya petroli unatoa kama kilo 2.31 za hewa ukaa, lita ya dizeli kilo 2.68, kwa sababu ile lita ni nzito na ina kaboni zaidi. Zidisha: dizeli yangu kilo 4,312 kwa mwaka, petroli ya mke wangu kilo 4,608. Tofauti ni asilimia sita na kidogo. Ni faida, siikatai, lakini ni ndogo kuliko mfuko unavyokuambia.

Na hewa ukaa haimkoseshi mtu usingizi usiku. Kinachomkosesha ni masizi, na hili nataka nilieleze kwa urefu kwa sababu nililifanya vibaya.

Gari langu lilikuja na chujio la masizi kwenye ekzosi, lile mafundi wanaliita DPF. Kazi yake ni kunasa chembe nyeusi zisitoke nje. Likijaa, injini yenyewe inamwaga mafuta ya ziada ili ekzosi ipate joto la kama nyuzi 600, masizi yaungue yaishe. Zoezi hilo linahitaji gari liwe linatembea bila kukatizwa, dakika 15 au 20. Nani ana dakika 20 bila kukatizwa kati ya Goba ninakoishi na Posta saa moja asubuhi? Kila lilipoanza kujisafisha mimi nilikuwa nimefika, nikazima. Dalili nilikuwa naziona bila kuzielewa: feni inaendelea kuvuma baada ya kuzima gari, harufu kama ya pasi iliyounguza nguo, na ulaji wa mafuta unapanda ghafla siku hiyo. Mbaya zaidi, yale mafuta ya ziada yakikosa kuungua yanateremka kwenye oili. Kijiti cha kupimia oili kilikuwa kinapanda badala ya kushuka, nami nikafurahi kwamba gari langu halili oili.

Katikati ya 2021 taa ya injini ikawaka na gari likakosa nguvu. Fundi akachomeka kompyuta, akaniambia chujio limeziba na kwamba haya mambo hayafai huku, mafuta yetu ni machafu. Akasema tulitoboe, tulifute kwenye kompyuta, nisahau. Laki sita. Nilikubali. Nikiri ukweli, gari lilikuwa jepesi, na mijazo iliyofuata ilinipa kilomita nusu zaidi kwa kila lita. Nilimsifia yule fundi kwa watu wengi, na wawili wakaenda kwake.

Banda langu la gari liko ubavuni mwa nyumba, chini ya dirisha la chumba cha watoto. Baada ya miezi kama minne mke wangu alifuta wavu wa dirisha lile, akaniletea kitambaa. Kilikuwa cheusi, na ule weusi ulikuwa wa mafuta, unaoteleza kwenye vidole, tofauti kabisa na vumbi la Goba ambalo ni jekundu. Nikaenda kuangalia ukuta mweupe nyuma ya ekzosi. Palikuwa na duara jeusi la ukubwa wa sinia. Mwanangu wa pili ana pumu. Msimu ule aliamka usiku mara nyingi kuliko mwaka uliotangulia. Siwezi kukuapia kwamba ni moshi wangu, maana baridi ya Juni nayo humsumbua. Lakini nilikuwa nawasha gari kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri, naliacha lipate moto, mita tatu kutoka kitandani kwake.

Juni 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na asbesto na moshi wa sigara. Hilo nililisoma baada ya kitambaa, nikatamani ningelisoma kabla.

Kulirudisha chujio kulinigharimu milioni moja na laki nane, kwa sababu la kwanza lilikuwa limepondwa ndani, ikabidi nitafute lingine kwenye spea za mtumba. Na lile neno la mafuta machafu halikuwa kiini cha tatizo langu. Januari 2015 kiwango cha Afrika Mashariki kwa dizeli kilishushwa mpaka salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Japani wao ni 10, kweli walikuwa wametuzidi, lakini si ile dizeli ya zamani iliyokuwa na salfa ya mamia. Kilicholiziba langu ni safari fupi na oili isiyo yake. Oili ya kawaida inaacha majivu ambayo hayaungui hata ukilipasha chujio moto namna gani. Sasa natumia oili ya majivu machache iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na tangu 2022 kazi yangu inanipeleka Morogoro kila wiki. Taa haijawaka tena. Kabla ya hapo nilikuwa naendesha mpaka Bagamoyo na kurudi kila Jumamosi ya pili ili tu lijisafishe, lita sita na zaidi kila safari. Mtu anapokuambia dizeli inaokoa mafuta, muulize kama hizo lita amezihesabu.

Kuna uchafu mwingine ambao chujio haligusi, oksidi za nitrojeni, zinazochoma koo na mapafu. Gari la petroli likiwa na masega yake kwenye ekzosi, kile kifaa cha kusafisha moshi, linazimaliza karibu zote. Dizeli haiwezi kutumia masega ya aina ile kwa sababu moshi wake una hewa nyingi iliyobaki, kwa hiyo inahitaji mbinu nyingine. Hata Ulaya viwango vya Euro 5 viliiruhusu dizeli miligramu 180 kwa kilomita, petroli 60. Na Septemba 2015 dunia ikajua kwamba Volkswagen waliweka programu ya kutambua kipimo cha maabara: gari likipimwa linajitia adabu, likitoka barabarani linatoa mpaka mara 40 ya kiwango cha Marekani. Magari kama milioni 11. Kwa hiyo la kwako la uchafu si maneno, mkuu. Ni kweli.

Petroli nayo isisifiwe bure. Hapa mjini watu wanatoa masega na kuyauza, kwa sababu ndani yana platinamu, paladiamu na rodiamu. Petroli iliyokatwa masega na inayokula oili sitaki iegeshwe dirishani kwangu pia.

Kwa maisha uliyoyaeleza, chukua petroli. Kimara hadi Posta ni foleni, na Mbeya mara mbili haitoshi kulisafisha chujio la mwaka mzima. Zile sh. 1,158,000 zitaliwa na oili, usafi wa chujio na nozeli za kunyunyizia mafuta siku zikigoma. Halafu petroli unaweza kuifunga mtungi wa gesi asilia baadaye, ukivumilia foleni ya kujaza, njia ambayo kwa dizeli yako si rahisi. Ungekuwa unalala Iringa au unavuka Chalinze kila wiki na mzigo, ningekuambia dizeli bila kusita.

Ukiamua dizeli hata hivyo, kabla hujatoa pesa fanya vitu viwili. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa juu ya alama ya mwisho na inanuka dizeli, gari hilo limekatiziwa kujisafisha muda mrefu. Kisha subiri ekzosi ipoe, uingize kidole ndani ya bomba. Gari lenye chujio zima, hata la miaka kumi, kidole kinatoka karibu safi. Kikitoka cheusi tii, chujio lilishatobolewa. Mwambie muuzaji alirudishe kwanza, au uondoke.