Acha Nafasi ya Sungura

Mara ya kwanza kupewa kazi ya kuchora mandhari ya filamu fupi ya katuni, nilimaliza siku nne kwenye mbuyu mmoja. Kila ufa wa gome niliuchora. Majani ya kichaka kilichokuwa chini yake niliyatia moja moja kwa brashi nyembamba kuliko zote nilizonazo. Nikapeleka kazi nikijiona fundi. Mwongozaji akaiskani, akamweka sungura wetu mbele ya ule mbuyu, akaegemea kiti.

"Sasa kaka, sungura yuko wapi?"

Alikuwepo, katikati kabisa ya picha. Ila ilibidi umtafute.

Nilinuna siku mbili. Kilichonizindua ni habari za Tyrus Wong, mzaliwa wa China wa mwaka 1910 aliyehamia Marekani akiwa mtoto. Mwaka 1938 aliajiriwa Disney kuchora picha za kati, zile za kujaza mwendo kutoka pozi moja hadi jingine, kazi ya kuchosha macho na isiyo na jina. Wakati huo kampuni ilikuwa ikihangaika na Bambi, filamu ya mtoto wa kulungu. Misitu waliyokuwa wakichora ilikuwa na majani mengi mno, mtoto huyo anapotea humo. Yaani ugonjwa wangu uleule!

Wong akachora picha ndogo ndogo kwa pasteli na rangi za maji, akifuata wachoraji wa mandhari wa China ya kale, wa enzi ya Song. Mti mmoja unauona wazi, ya nyuma yake inayeyukia kwenye ukungu, na mwanga unaangukia pale atakaposimama mnyama. Wakubwa walipoziona, msitu mzima wa filamu ukafuata mkondo huo. Filamu ilipotoka mwaka 1942, mwenyewe alikuwa ameshafukuzwa kazi, baada ya mgomo wa wafanyakazi wa 1941, na jina lake likatajwa tu miongoni mwa wachoraji wa mandhari. Linaniuma hilo hadi leo, ingawa alijaliwa umri: alifariki 2016 akiwa na miaka 106.

Ukijua filamu zile zilivyotengenezwa, utaelewa kwa nini alikuwa sahihi. Mhusika alichorwa kwenye plastiki angavu, akapakwa rangi bapa isiyo na michirizi, amezungushiwa mstari. Mandhari ilikuwa karatasi iliyopakwa rangi, ikalazwa chini ya plastiki hiyo, kisha kamera ikapiga kutoka juu. Sasa karatasi nayo ikijaa kingo kali na mistari, inagombana na mhusika, na atakayeshindwa ni mhusika, maana yeye ni mdogo.

Kwa hiyo siku hizi sigusi rangi kabla ya kuuliza: anaingilia wapi, anasimama wapi, anatokea wapi? Halafu nachora vipicha vya ukubwa wa kiberiti, sita au saba, kwa penseli, vivuli vitatu tu: cheusi, cha kati, cheupe. Nafinya macho. Kama pale pa mhusika hapajitokezi nikiwa nimefinya macho, kipicha hicho nakitupa. Dakika ishirini zinaokoa siku nne.

Miti ya mbali naipaka karatasi ikiwa mbichi. Naibandika ubaoni kwa selotepu pande zote nne isijikunje, nailowanisha kwa sifongo, nadondosha kijani na kukiacha kitambae chenyewe. Usikifuate na brashi! Ya karibu nasubiri pakauke, na masika hapa Dar kukauka kwenyewe ni kazi. Nina feni ndogo ya mezani kwa ajili hiyo tu.

Kuna atakayeniuliza kuhusu Eyvind Earle, mchoraji wa Disney aliyeongoza mwonekano wa filamu ya Sleeping Beauty ya 1959, ambako kila jani na kila gome vimechongwa kama vito. Nampenda sana. Lakini hata wachoraji wa wahusika pale walilalamika kwamba mandhari inawafunika, na Earle alijua kupanga maumbo makubwa kwanza, miti wima na matawi yaliyolala, ndipo akapamba. Mimi nilianza na pambo. Mwanafunzi akianzia kwa Earle atafanya nilichofanya mimi.

Ukitaka shule ya bure, simamisha filamu ya zamani sekunde moja kabla mhusika hajaingia. Tazama ule uwazi, kipande cha nyasi hafifu au ukuta mtupu wenye mwanga, kisha bonyeza uone anavyokuja kukalia palepale.

Mbuyu wangu wa siku nne mama aliuomba, akautia fremu, uko sebuleni kwake. Wageni wanausifu sana.