Mwatiko hatagi bwawani, usisubiri mayai

Mkuu, umeuliza kosa liko wapi, maana mwatiko wako, hao samaki wa maji chumvi, wana miezi kumi bwawani na hujaona hata kifaranga kimoja. Huna kosa. Aliyekwambia watazaliana humo humo nadhani alikuwa anawaza perege.

Mimi nilingoja mwaka mzima huku Tanga. Kila nikivua napasua matumbo natafuta mayai, mama watoto ananicheka: "Umefuga madume matupu?" Kumbe bado walikuwa watoto. Mwatiko jike hupevuka akiwa na miaka kama mitano, na sisi tunamla ana gramu 300! Akishapevuka hutaga baharini usiku, karibu na miamba, mayai kwa mamilioni. Yanaelea, na baada ya siku moja na ushee yanaanguliwa. Wiki mbili tatu hivi vifaranga wako nje huko, ndipo wanasogea pwani, wana sentimita moja au moja na nusu.

Hapo ndipo tunapowavizia, maji ya bamvua yakiingia mikokoni. Mwatiko mchanga ni kama sindano ya kioo yenye nukta tatu nyeusi: macho mawili na kibofu cha hewa. Chagua mmoja mmoja kwenye beseni jeupe, hata kama mgongo unauma. Mara ya kwanza nilimwaga ndoo nzima bila kuchagua, nikafuga na vitoto vya mzia, samaki anayekula samaki wenzake. Kati ya 2,000 nilivua 600, na mzia walionona.

Kwenye kukua, chakula chao hasa ni ule utando wa kijani wa chini. Nakausha bwawa mpaka udongo upasuke, natia samadi ya kuku, naingiza maji kidogo kidogo hadi utando ushike. Pumba ni nyongeza tu. Nilipoweka watatu kwa kila mita ya mraba walidumaa kwenye gramu 150. Mmoja mmoja, miezi saba nikapata 300 na zaidi.

Wafilipino waliwapata wazazi wakitaga wenyewe kwenye vizimba vya baharini mwaka 1980, ila hao walikuwa wamelelewa miaka. Zanzibar nako kuna kituo cha kutotolesha, ulizia vifaranga huko kama mikokoni kwako hawapatikani.

Hao wa miezi kumi wavue tu. Bwawa lina ukubwa gani, na uliweka wangapi?