Fundi anataka paa la chini, nimkubalie?

SWALI: Shikamoo fundi. Najenga Bukoba, nyumba ya upana wa mita 8, paa la pande mbili, mabati ya geji 30. Fundi wangu anataka nguzo ya kati ya kenchi, ile fremu ya mbao inayobeba bati, iwe sentimita 70 tu. Anasema bati na mbao zitapungua, na kwamba nyumba za kisasa ndivyo zilivyo. Jirani kaezeka hivyohivyo, na kila mvua ya usiku anatega beseni sebuleni. Nifanyeje?
Mama Wawili, Kashai

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimkubalie, ila nenda naye kwa hesabu, si kwa ugomvi.

Kutoka ukutani hadi katikati ni mita 4. Ukipandisha sentimita 70, mteremko ni digrii 10. Mimi bati la kuungaunga silishushi chini ya 15, na kwa mvua ya Bukoba ningekwenda 20, yaani nguzo ya karibu mita moja na nusu. Sasa muulize anaokoa bati kiasi gani. Ukiweka na upenu wa sentimita 60, bati la digrii 10 linataka urefu wa mita 4.67, la digrii 20, mita 4.90. Shubiri moja! Nguzo zitarefuka, na tofali za ile pembetatu ya ukuta zitaongezeka, hapo simbishii.

Beseni la jirani nalielewa. Paa likilala, maji hayaondoki upesi, na upepo wa ziwani unayasukuma kurudi juu hadi yaingie bati linapolalia jingine. Hata kwenye digrii 20, mabati yalaliane sentimita 15 au zaidi. Aanze kuezeka upande ulio mbali na ziwa, arudi kuelekea ziwani, ili midomo ya bati iupe upepo kisogo. Misumari ipigwe juu ya mgongo, kamwe isipigwe bondeni. Nimepanda juu ya mapaa mengi yanayovuja nikakuta bati zima kabisa, maji yanapita penye msumari wa bondeni, au penye msumari uliogongwa kwa hasira hadi mpira wake ukapasuka.

Kama linta, ule mkanda wa zege juu ya kuta, haijamwagwa, achomeze vipande vya nondo vya kufungia kenchi. Paa jepesi upepo hulibeba kutoka chini, kwenye upenu.

Hela ikibaki, chukua geji 28. Namba ikipungua ndipo bati linanenepa. Wanunuzi wengi hudhani kinyume.

Na fundi aking'ang'ania paa la chini, basi aagize bati la migongo mipana lililokatwa kiwandani kwa kipimo chako, kipande kimoja toka kofia ya kileleni hadi upenu. Digrii 10 pamoja na viungo vya katikati, hapana.