Arbuni ya Ploti na Deni la Ushuru: Pesa za Nani Kwanza?

SWALI

Kwako Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mombasa, na mume wangu ni mkadiriaji wa gharama za ujenzi aliyejiajiri, ambaye hufanyia kazi kampuni za ujenzi na serikali za kaunti. Mwezi wa Juni 2025, nilipomsaidia kujaza fomu ya mapato ya mwaka 2024 katika iTax, mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA), tuliona kwamba alikuwa ametoza wateja jumla ya shilingi 2,400,000, gharama zake za kazi zikiwa 600,000, na kwamba hata baada ya kuondoa ile asilimia 5 ambayo wateja walimkata ili kuiwasilisha KRA kama sehemu ya ushuru wake, bado anadaiwa shilingi 328,600. Hadi leo, mwisho wa Agosti, hajalipa chochote.

Sasa mteja mmoja amemlipa 850,000. Mume wangu anataka kutoa 800,000 kama arbuni ya ploti ya Kilifi yenye bei ya 1,800,000, kisha amalize salio kwa 100,000 kila mwezi. Anasema bei ya ardhi haitusubiri, riba ya KRA ni asilimia 1 tu kwa mwezi, na hakuna benki itakayotukopesha kwa nafuu hiyo. Nilipokataa, alinitaka nichukue mkopo katika Sacco yetu ya walimu ili nilipe deni hilo mimi, kwa kuwa ploti itakuwa ya sote. Tangu hapo hatuzungumzi ila kwa salamu. Je, nimekosea kumpinga? Na KRA wanaweza kugusa mshahara wangu?

Mama wa watoto watatu, Kisauni

JIBU

Dada yangu, hujakosea, ingawa nadhani nyote wawili mnabishania fedha ambazo hazipo. Mnazungumza kana kwamba nyumbani mwenu kuna shilingi 850,000 na kazi iliyobaki ni kuchagua ziende wapi. Mimi nimekaa na takwimu ulizonipa, na naona sehemu kubwa ya fedha hizo imeshatumika kabla mume wako hajaipokea.

Faida yake ya mwaka 2024 ilikuwa 1,800,000. Kwa viwango vya mwaka huo, shilingi 288,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, shilingi 100,000 zinazofuata asilimia 25, na zinazobaki, hadi kufikia milioni 6, asilimia 30. Jumla ni 477,400; ukitoa nafuu ya kibinafsi ya 28,800, ushuru wake ni 448,600. Wateja walikuwa wamekata 120,000, ndiyo maana mkaona 328,600. Deni hilo lilipaswa kulipwa kabla ya tarehe 30 Aprili kwisha, yaani miezi miwili kabla ya siku ya mwisho ya kuwasilisha fomu, jambo ambalo watu wengi waliojiajiri hulijua wakiwa wamechelewa. Kwa kuchelewa huko kuna faini ya asilimia 5, ambayo ni 16,430, pamoja na riba ya 3,286 kila mwezi. Kwa miezi minne iliyopita hiyo ni 13,144. Kwa hiyo deni la 2024 limefika 358,174.

Lakini hapo hatujamaliza, na sehemu inayofuata ndiyo ambayo sidhani kama mume wako ameitazama. Mtu aliyejiajiri ambaye ushuru wake wa mwaka unazidi shilingi 40,000 hutakiwa kulipa ushuru wa mwaka unaoendelea kwa awamu nne, tarehe 20 za Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Kipimo cha kawaida ni asilimia 110 ya ushuru wa mwaka uliotangulia, ukiondoa unaokatwa na wateja. Kwake yeye, tukichukulia kwamba wateja watakata tena 120,000, kila awamu ni 93,365. Awamu mbili zimeshapita, nazo ni 186,730 kabla ya riba na faini zake, na ya tatu inamfikia tarehe 20 Septemba. Jumlisha yote haya na deni la mwaka jana, upate 638,269. Katika zile 850,000, fedha ambazo mume wako anaweza kuziita zake kwa haki ni kama 211,000. Ikiwa kazi za 2025 zimepungua, anaruhusiwa kukadiria awamu zake kwa mapato ya mwaka huu badala ya mwaka jana, na hapo atabakiwa na zaidi kidogo. Lakini akikadiria chini ya ukweli, pengo litarudi na riba yake.

Hoja yake kuhusu riba naiheshimu, kwa sababu si hoja ya mtu mzembe. Ni kweli kwamba asilimia 1 kwa mwezi ni asilimia 12 kwa mwaka. Hata hivyo, ukiongeza ile faini ya asilimia 5, mwaka wa kwanza wa kuchelewa humgharimu asilimia 17 ya deni, na nafuu aliyoiona haipo tena. Zaidi ya hayo, benki inayokudai haina uwezo walio nao KRA. Kifungu cha 42 cha Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka 2015 kinawaruhusu kuiandikia ilani benki yake, au mteja ambaye bado hajamlipa, wakimtaka awasilishe fedha hizo moja kwa moja kwao. Mkadiriaji wa gharama ambaye mteja wake amepokea barua kama hiyo amepoteza zaidi ya fedha. Amepoteza sura yake katika soko ambamo watu wote wanajuana. Vilevile yeye hufanya kazi na kaunti, na zabuni za serikali huhitaji cheti cha kuthibitisha kwamba mwombaji ametimiza wajibu wake wa ushuru, cheti ambacho hudumu miezi 12 na hakitolewi kwa urahisi kwa mwenye deni lililolala. Kwa mtu wa kazi yake, kuchelewesha ushuru ni kuhatarisha mapato yale yale anayotegemea kulipia ploti. Na hata ploti yenyewe, ikiandikishwa kwa jina lake huku deni likiwapo, sheria hiyo hiyo inawawezesha KRA kumjulisha msajili wa ardhi ili iwe dhamana ya deni.

Kama kuna mtu aliyemwambia kwamba kununua ardhi kutampunguzia ushuru, naomba umweleze kwa upole kwamba si hivyo. Bei ya ploti haiingii katika gharama za kazi. Linaloweza kupunguza deni lake kihalali ni gharama halisi ambazo hakuziandika. Kaeni pamoja mpitie risiti za 2024, mkikumbuka kwamba tangu tarehe 1 Januari 2024 gharama zinatakiwa ziwe na ankara ya kielektroniki ya eTIMS, mfumo wa ankara wa KRA, na mhakikishe kuwa kila mteja aliyemkata ile asilimia 5 ameiwasilisha na cheti chake kinaonekana katika iTax. Mkikuta kitu kilichosahaulika, fomu inaweza kurekebishwa.

Suala la Sacco ndilo lililonisumbua zaidi katika barua yako. Wewe tayari unakatwa ushuru wako katika mshahara kila mwezi. Ukichukua mkopo huo, utakuwa umelipa ushuru wa watu wawili, kwa makato yatakayodumu muda mrefu baada ya furaha ya ploti kupoa, na wadhamini wako, ambao ni walimu wenzako, watakuwa wamebeba deni la biashara wasiyoijua. Nakushauri ukatae, tena ukatae waziwazi bila kumtupia maneno mazito. Mwambie kwamba uko tayari kuchangia ploti, si deni la ushuru, na kwamba siku mtakayochangia nyote wawili, mkataba wa mauzo na hatimiliki viandikwe kwa majina yenu nyote. Hilo si kumshuku. Mume anayesema ploti ni ya sote hana sababu ya kuona uzito karatasi ikisema vivyo hivyo.

Kuhusu mshahara wako, deni limo katika PIN (namba ya mlipa ushuru) ya mume wako, na ndoa haiufanyi mshahara wako kuwa mali ya kulipia deni hilo. Penye hatari ni akaunti ya pamoja. Sheria hairuhusu ilani itolewe juu ya akaunti ya pamoja ila kama wenye akaunti wote wana deni la ushuru, au kama mdaiwa anaweza kutoa fedha bila saini ya mwenzake. Ikiwa mnayo akaunti ambayo kila mmoja wenu huchota peke yake, na mshahara wako unapitia humo, uhamishe leo.

Sasa, namna ya kulizungumza. Mume wako anaona aibu, nadhani, kwa sababu deni lilifichuka mbele yako, na mtu mwenye aibu hutafuta jambo kubwa la kuonyesha kwamba bado anaijenga nyumba yake. Usianze na KRA. Anza na ploti: muulize ni nini anachokitaka Kilifi, na mwaka gani anatarajia kuanza kujenga. Kisha mwonyeshe hesabu hii iliyoandikwa, aipitie mwenyewe kwa kalamu yake, kwani ni mtu wa makadirio na atazielewa tarakimu kuliko sisi sote.

Mkishakubaliana, walipeni KRA deni la 2024 lote na awamu zilizopita. Najua watu huomba kulipa kidogo kidogo, na kifungu cha 33 cha sheria ile ile ya taratibu za ushuru kinaruhusu ombi hilo kwa maandishi. Lakini anayeomba hutakiwa kuwa na sababu ya msingi, riba huendelea kuhesabiwa, na akikosa awamu moja anaweza kudaiwa salio lote kwa mara moja. Mwenye 850,000 benki hana sababu nzuri ya kuwaeleza KRA. Baada ya hapo, mume wako arudi kwa muuzaji akiwa na arbuni ya 180,000, ambayo ni asilimia 10 ya bei, na kupitia wakili aombe muda mrefu zaidi wa salio, akijua kwamba 100,000 za kila mwezi zitagongana na awamu ya Desemba, na kwamba bado kuna ada ya stempu na malipo ya wakili. Muuzaji akikataa, muiache ploti hiyo.

Na kuanzia malipo yajayo, kila mteja anapolipa, shilingi 20 katika kila 100 zihamishwe siku hiyo hiyo hadi akaunti tofauti isiyo na kadi. Kwa mapato ya 2024 zingetosha kama 14, lakini kila faida inayoongezeka kwake hutozwa asilimia 30, kwa hiyo mwaka mzuri ndio utakaomletea deni kubwa.