Kipande cha potasiamu hakilingani na cha sodiamu

Msimu wa BTP, yaani mazoezi ya kufundisha ya walimu wanafunzi, ukiwadia Kigoma, maabara zetu huanza kunuka mafuta ya taa. Mwalimu wa mazoezi katoa sodiamu kwenye chupa, na wanafunzi wamebanana mezani kama wanagombea dagaa mwaloni. Karibuni, wadogo zetu. Ila yaleyale ya mwaka jana tumeyachoka.

1. Wimbo wa elementi 20 za kwanza watoto wanaujua kuliko ninyi. Waulizeni idadi ya elektroni za nje.

2. Sasa hili, ambalo karibu kila mwalimu wa kemia amelifanya na wengi hatulisemi. Unakata vipande vitatu sawasawa, vya lithiamu, sodiamu na potasiamu, ili ulinganisho uwe wa haki. Haki gani hiyo? Wewe mwenyewe umetoka kuandika ubaoni kwamba ukishuka kundi la kwanza la jedwali la elementi, elektroni ya nje inazidi kuwa mbali na kiini, tabaka za ndani zinaikinga, inang'oka upesi. Mwelekeo huohuo ndio kipimo cha kisu chako. Lithiamu huyeyuka kwenye nyuzi 181, kwa hiyo juu ya maji huchemkachemka tu ikiwa ngumu. Sodiamu, nyuzi 98, hugeuka kitone na kukimbia huku na huku. Potasiamu, nyuzi 63, huwaka papo hapo kwa mwali wa zambarau, na ikiwa kubwa kama punje ya harage hupasuka na kurusha matone ya alkali ya moto usoni mwa waliobanana pale mezani.

Kata milimita 4, 3 na 2, kwa mpangilio huo. Beseni pana, maji nusu, lisifunikwe, maana haidrojeni itajikusanya. Fenolfthaleini, kionyeshi cha alkali, matone machache. Wanafunzi mita 3 nyuma, miwani machoni. Futa mafuta kwa karatasi kavu ya chujio. Karatasi ikiwa na unyevu, sodiamu huganda pale na kuwaka. Mabaki yarudi kwenye mafuta, kamwe si kwenye sinki. Na potasiamu iliyoota ukoko wa njano usiiguse kwa kisu, inaweza kulipuka.

3. Halojeni (klorini, bromini, iodini na wenzao) ni kinyume: zinapokea elektroni, hivyo ukali hupungua ukishuka. Msikariri mshale mmoja kwa jedwali zima.

Kwa jaribio la kloridi, chumvi ya Uvinza inatosha. Iyeyushe kwa maji yaliyotoneshwa, weka asidi ya naitriki kidogo, halafu silva naitreti: mashapo meupe. Ukitumia maji ya ziwa, ambayo yana kloridi yake, testi tyubu ya kulinganishia nayo itakuwa nyeupe na utabaki unajieleza. Madini joto ya kwenye chumvi ni iodeti, tena kiduchu, kwa hiyo msisubiri njano ya iodidi. Silva naitreti matone 2 yanatosha. Ile chupa ni ghali, na mkuu wa shule anajua iliishia wapi.