Jibu: Volkswagen Beetle 1300 au Peugeot 504?

Ndugu, kwa kuwa umesema safari zako ni za mlimani ukiwa na familia ya watu watano, mimi ningechukua 504 ya petroli bila kusita. Injini yake ya lita mbili ina ukubwa wa sisi (cc) 1971 na nguvu za farasi zaidi ya 90. Beetle ina sisi 1285 na farasi 40 hivi, mlimani utashuka gia mapema. Halafu springi za 504 ni laini, mashimo inayameza! Ilishinda mbio za magari za Safari Rally mwaka 1975 na 1978.

Beetle naipenda sana: haina rejeta wala maji ya kuchemka, na injini hushushwa haraka. Lakini kagua kutu sakafuni, chini ya betri, kabla hujalipa.